Kopo la Nane

Ijumaa mchana, vyombo vilipokwisha kuoshwa, Bi Kopo aliyeyusha mishumaa miwili kwenye sufuria yake iliyovunjika mkono, akachovya njiti za kiberiti kichwa kimoja kimoja, akazilaza juu ya gazeti zikauke. Njiti iliyovaa nta haiogopi mvua. Shemeji yake, seremala aliyestaafu, alikaa mlangoni akijaza maharage kwenye vifuko vya kitambaa.

"Shemeji, hiyo chumvi umewawekea kuku?" aliuliza Bi Kopo.

"Nawahurumia presha."

"Watu wamekufa miaka kumi na mmoja, presha ya nini? Ongeza."

Shemeji akaongeza.

Miaka hiyo kumi na mmoja nyuma, mto ulifurika ukala daraja, na kikosi cha wapima msitu kikakwama ng'ambo. Dereva wao alikuwa mume wa Bi Kopo. Huko ng'ambo ofisi ya misitu ilikuwa na ghala la dharura, limejaa unga, maharage na mablanketi hadi darini. Lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa ofisini, upande huu wa mto. Maji yalipopungua, watu saba walikutwa mlangoni pa ghala, wamekaa mstari mmoja kama wanaongoja zamu. Ofisi ilitundika ubao wa majina saba. Kufuli nayo ikabadilishwa, maana ile ya kwanza ilikuwa imeshika kutu.

Bi Kopo alikuwa mpishi wa shule, na mpishi hagombani na mlango. Alikusanya makopo ya maziwa ya unga, akayatia chakula, kiberiti, kamba na dawa ya kichwa, akaziba vifuniko kwa nta, akayafukia msituni katika mashimo manne. Ramani hakuchora. Ramani huibwa. Kila shimo alilitungia kitendawili, na mtaa mzima ukavijua. "Wazee wawili wamekaa kutwa, hawasalimiani": hayo ni yale mawe mawili juu ya kilima. "Babu kaanguka, ndevu zinazidi kuota": gogo la kale lenye kuvu, karibu na kijito. Atakayekwama tena ng'ambo hatakosa cha kutia mdomoni, ilimradi alilelewa na watu wanaoongea.

Kila baada ya miezi mitatu yeye na shemeji yake walivuka daraja jipya kwenda kubadilisha vya zamani kabla havijabunguliwa. Mara ya kwanza tu, walikuta vimeliwa. Makopo saba yalikuwa yamesuguliwa kwa mchanga na kupangwa kifudifudi juu ya majani yachuje maji.

"Nyani haoshi kopo," alisema shemeji.

"Wala halipindui. Hiyo tabia ni ya kaka yako."

Tangu hapo wakawa wanaweka makopo saba kila shimo. Dengu hazikuliwa, kwa hiyo wakaacha kuzipeleka. Kopo moja lilirudi siku zote na punje tatu chini yake, na Bi Kopo akajua kuwa katika wale saba yumo mmoja asiyemaliza chakula. Kila nyumba ina mtu wa hivyo.

Jumamosi hii, chini ya wazee wawili wasiosalimiana, makopo yaliyooshwa yalikuwa manane.

Bi Kopo aliyahesabu kwa kidole, kisha akahesabu tena kuanzia mwisho. La nane halikuwa lake. Lilikuwa kopo la mafuta ya kupikia, kuukuu, limeliwa na kutu lakini safi. Kando yake palikuwa na kifuko kimoja cha maharage kilichokuwa kimechanika kitako. Kilikuwa kimeshonwa.

"Wamepata mgeni," alisema shemeji.

"Kutu ya namna hii si ya mgeni," alisema Bi Kopo, akakitia kifuko kwenye kapu.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa fundi cherehani, mwanamke mpole mwenye sindano tatu kifuani sikukuu na siku ya kazi. Mumewe alikuwa mpagazi. Kikosi kilimwajiri getini pa ofisi asubuhi ile ile ya safari, orodha ikiwa imeshapigwa mhuri. Maiti yake haikuonekana, jina lake halikuwepo, na ofisi ikasema haimfahamu. Mtaa ukamaliza kesi wenyewe: ametoroka na mwanamke. Wateja waliokuja kupimwa magauni hawakuacha kumchokoza. "Na yule bwana hajamchoka tu huyo mwenzio?" Fundi alikuwa akikanyaga cherehani kwa nguvu mpaka sauti zao zimezwe.

Alikipokea kifuko, akakigeuza ndani nje.

"Mshono wa mkono wa kushoto," alisema. "Na fundo kalifunga mara tatu. Nilimwambia mara mbili zinatosha."

"Uzi alitoa wapi?" aliuliza Bi Kopo.

"Kwenye shati lake. Bluu hii niliinunua mimi." Akakilaza kifuko mapajani na kukinyoosha kwa kiganja. "Kwa hiyo, dada, hakwenda kwa mwanamke."

"Hakwenda, mdogo wangu."

"Basi nataka jina lake ubaoni. Wakija kupimwa magauni wapite pale kwanza, wasome."

Jumatatu walikwenda ofisini wote wawili. Mbele ya dirisha la karani palikuwa na kidimbwi cha maji, na mfagiaji alikuwa akikikausha kwa dekio bila haraka, kama mtu anayefanya kazi ya kila siku.

Karani alikitazama kifuko, akausifu mshono, akafungua orodha. "Saba," alisema.

"Wa nane aliajiriwa getini," alisema Fundi. "Mkono wa kushoto, shati la bluu."

"Aa!" alisema mfagiaji. "Si yule wa ufunguo? Tukifungua tu, yeye ndiye wa kwanza kwenye foleni, ameloa chapachapa. Anasema ametumwa na wenzake, wanangoja mlangoni pa ghala."

"Hana barua," alisema karani.

"Miaka yote alikuwa akilala hapa kwenye benchi," mfagiaji aliendelea. "Mwaka huu benchi wameliondoa. Sasa tukifunga anarudi kwa wenzake kula."

Fundi alikitazama kile kidimbwi. "Mwandikeni basi," alisema. "Amekufa akiwatumikia."

"Mama, ubao ule ni wa marehemu. Huyu anahudhuria kuliko watumishi wote. Nikimwandika marehemu, nitaulizwa anayepanga foleni ni nani."

"Na huo ufunguo?" aliuliza Bi Kopo. Ulikuwa umening'inia kwenye msumari nyuma ya karani.

"Huo hutoka siku ya dharura."

"Dharura mnaijuaje?"

"Huja na barua."

Fundi alikuwa amejiandaa kulia, hata leso alikuja nayo. Badala yake aliuliza, "Huwa anafika saa ngapi?"

"Saa mbili kamili."

"Jamani! Na nyumbani nilikuwa namwamsha kwa maji," alisema, na uso wake ukafunguka.

Usiku hakulala, lakini kwa raha. Alishona zulia dogo nene la vipande vya nguo, na asubuhi akalitandika mbele ya dirisha la karani. Saa mbili likaanza kulowana, katikati, mahali pa nyayo mbili za ukubwa alioujua. Fundi alisimama kando akamsimulia habari za mtaa, nani kaoa, nani kahama, kisha akarudi kwenye cherehani. Siku hizi wateja wakimuuliza kama bwana hajachoka huko, anajibu, "Hachoki. Yupo kwenye foleni," na kuwapima kiuno.

Makopo sasa ni manane kila shimo. Vifuko anashona yeye, na kimoja hukiacha wazi kitako, na sindano ndani, ili mwenyewe asizoee kula bure. Hurudi kimefungwa fundo mara tatu.

Ubao una majina saba. Kufuli ya ghala hupakwa mafuta kila mwaka, isishike kutu.

Juzi, wakati Fundi akikunja zulia, Bi Kopo aliegemea dirisha la karani. "Kitendawili."

"Tega."

"Nyumba yangu imejaa chakula, wageni wamekufa njaa mlangoni."

Karani alitazama dari, akatazama orodha. Ufunguo ulikuwa ukimgusa bega. "Nimeshindwa," alisema.

"Nipe mji."

"Chukua wowote, bibi."

Bi Kopo hakuchukua. Alikwenda uani kumsaidia mwenzake. Kila mmoja alishika ncha yake, wakalisokota zulia mpaka likatoa maji yake yote, ya rangi ya mto, kisha wakalianika juani likauke, maana kesho saa mbili kuna mtu atalihitaji.