Swichi ya Laini ya Tatu

...na mshale ukaondoka wenyewe, haukuguswa na mtu, Jenoveva aliuona ukinyanyuka kutoka sifuri ukasimama kwenye arobaini, na Timotheo, fundi aliyetoka mjini, akasema ndani ya simu, laini ya kwanza sawasawa, hongereni Dar, kumbe watu wa Dar wamebonyeza tu kitufe cha kompyuta yao huko kwenye joto, amri ikapanda kwa waya mpaka huku juu ya Lushoto, ndani ya sanduku hili la kupimia laini za simu ambalo tangu vita viishe hakuna aliyezungusha swichi zake ila yeye Jenoveva, kila saa, mwanawe Mika mgongoni, kisha anapiga simu na kuwasomea, na mama mkwe anauliza ni kazi gani hiyo ya kukodolea mshale macho wakati wenzako wanapalilia viazi... "Dada, usiguse kitu," Timotheo alisema bila kugeuka, "leo tunaiachia mashine, ikipita laini zote tatu basi, wewe kesho unapumzika, unalea mtoto," unapumzika, neno tamu kinywani mwa mwenye kazi, atapumzikia Mlola kwa mama mkwe, kwenye jembe na masimango... laini ya pili, thelathini na nane, sawasawa... na ukungu umeshafika dirishani, Jenoveva akaufurahia, Mungu amsamehe, kwa kuwa ukungu ukiingia swichi ya laini ya tatu hukwama, hilo hajamwambia mtu, siku ya kwanza aliambiwa chombo cha serikali hakigongwi na siku ya pili akakigonga, kwa kifundo cha kidole, chini ya kona ya kushoto, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa, kikaitika, na tangu hapo kila asubuhi ya ukungu hugonga, ko, kisha daftarini anaandika laini ya tatu nzima... "Haya Dar, ya tatu," mshale sifuri, "rudieni," sifuri, "jamani, ikikataa tena naifungasha mashine hii nashuka nayo leo leo," basi kaa, Jenoveva, kaa tu, kukaa si dhambi, kesho utapanda tena na daftari lako... lakini ya tatu ni ya hospitali, masika ya mwaka jana Mwanaisha, jirani yake, mtoto alitanguliza miguu, zahanati ikapiga simu kuomba gari, simu ikapita humu humu, na asubuhi ile ilikuwa ya ukungu na yeye alikuwa amegonga, kaa, kaa tu, Mika akajinyoosha mgongoni, Jenoveva akainama kumweka sawa, na mkono, nani aliutuma, mkono ulikuwa umeshafika chini ya kona, ko.

"Arobaini na moja! Dar, mnaiona? Ilitaka subira tu, mashine haikosei!" na Timotheo hakusikia kitu, sikio lake lilikuwa kwenye simu, mwambie sasa, ni maneno mawili, nimeigonga mimi fundi, si mawili, ni matatu, "Fundi..." "Naam, dada?" na ulimi ukawa mzito kama siku ile mwalimu alipomwita ubaoni, "nikuletee chai? Haina sukari," "Yenye sukari iko wapi siku hizi!" akacheka, akarudi kwenye simu, naam, imepita, zote tatu, mlango tunafunga leo, funguo naja nazo... na mshale bado uko arobaini na moja, ukungu bado uko dirishani, Jenoveva bado amesimama, kidole bado amekikunja, kesho huko Dar mtu atabonyeza mara ya kwanza, ya pili, ya kumi, na kitufe hakina kifundo, ataandika laini ya tatu mbovu, fundi atumwe, fundi asubiri gari, gari lisubiri mafuta, na huu ni mwezi wa sita, ukungu ndio kwanza unaanza, na Mwanaisha ana mimba tena, ya miezi minane.