Nani Husimama Katikati ya Mlima

Jumapili ile asubuhi nilimvuta maksai wetu hadi soko la ng'ombe la Mèo Vạc, nikamuuza, nikalia kidogo, nikajifuta uso kwa ncha ya kilemba. Kisha nikawafuata mwanangu Pó na mkewe Dính penye pikipiki za kuuzwa. Nasema wazi, yule maksai nilimpenda kuliko baadhi ya ndugu zangu. Lakini maksai hawezi kumfikisha mkunga kijijini Há Pia kwa wakati.

Mkunga ndiye huyo Dính. Serikali ilimsomesha mjini, akarudi na mkoba, mkasi, na mikono ambayo wanawake wa milima hii wanaijua kuliko wanavyojua sura yake. Há Pia ndiko alikoolewa binti yangu Mỷ. Kutoka kwangu unapanda hadi kileleni, unashuka upande wa pili mpaka kijitoni, halafu unapanda tena kidogo, na njia yote ni mawe. Mwaka juzi Mỷ aliposhikwa na uchungu Dính alikwenda kwa miguu, akakuta mwili wa mtoto umeshapoa.

Sasa Mỷ alikuwa mjamzito tena. Angekuwa wa kabila jingine ningemwita aje kwangu asubirie siku zake. Kwetu Wahmong binti akishaolewa hazalii kwa wazazi, maana mizimu ya nyumba yetu haimtambui tena. Yeye ni wa ukoo wa mumewe. Jambo hilo nimeligeuza kichwani usiku na mchana, nikakasirika, na nikaliheshimu hivyo hivyo. Basi ilibaki mtu amfuate, na safari hii amkute mtoto mzima.

Pó alikwenda moja kwa moja kwenye pikipiki nyekundu, pana ya kifua, yenye taa mbili za mbele.

"Mama, cheki chombo hiki! Cc mia na hamsini. Kwenye lami hakuna wa kutushika."

"Há Pia kuna lami?"

"Mama naye!"

"Nimekuuliza. Kuna lami?"

Muuzaji, jamaa mmoja mnene aitwaye Chứ, akaingilia kwa tabasamu la biashara. "Bibi, ukipanda hii nyekundu hata wachumba watarudi."

"Mchumba wangu nimeshamzika. Wewe uza pikipiki."

Dính alikuwa ameshaanza ukaguzi. Alizunguka kila pikipiki, akachuchumaa, akatazama sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno, akapapasa mnyororo. Kisha akaishika ile nyekundu kwa usukani, akailaza taratibu kwenye tope. Chứ alipiga kelele utadhani amechinjiwa mama yake.

"Dada! Unafanya nini?"

"Naiangusha," alisema Dính. "Si itaanguka tu?"

Akainama kuinyanyua. Akasukuma kwa mgongo, kwa nyonga, akaganda pale uso umemwiva, na mashine ikazidi kuteleza. Pó alipotaka kumsaidia alimwambia, "Kule kijitoni utakuwepo?" Pó akarudi nyuma.

Pembeni kabisa kulikuwa na kapikipiki keusi, kembamba, ka cc mia na kumi, kiti kimechubuka. Dính alikalaza vile vile. Akageuka, akakaegemea kwa makalio, akajikunja na kunyooka, kakasimama.

Chứ alicheka. "Hako? Hako mbio hakana, dada. Kwenye tambarare hata wenye baiskeli watakupita."

"Tambarare iko wapi?" niliuliza, na watu waliokuwa wakitutazama wakaangua kicheko, maana milima ilikuwa imetuzunguka pande zote.

Nyuma ya soko kuna mteremko wa kokoto. Dính alinigeukia. "Mama, panda. Shika na gunia."

Sikuwahi kupanda pikipiki maishani mwangu. Nilipanda na gunia la mahindi mapajani, nikamkumbatia mkwe wangu kwa nguvu ambazo sikuwahi kumwonyesha. Tulipanda mpaka katikati, penye mwinuko mkali zaidi, na hapo akasimama.

"Unasimama nini hapo?" Chứ alipaza sauti kutoka chini. "Twende juu! Nani husimama katikati ya mlima?"

"Mwenye mgonjwa nyuma," Dính alijibu.

Akashika breki, akatia gia, akaachia klachi polepole bila kupiga resi. Nilisikia kitu chini yangu kikijikusanya. Ndivyo maksai wangu alivyokuwa akifanya jembe likinasa kwenye mwamba: harukiruki, hakoromi, anakita miguu yake kwanza ndipo avute. Kapikipiki kakaondoka na mimi, gunia, na woga wangu wote. Tukasimama tena, tukaondoka tena. Mara ya mwisho alikaondosha kwa gia ya pili, nako hakakulalamika.

Pó hakukubali. Alileta ile nyekundu, nikapanda na gunia langu, tukasimama pale pale. Akapiga resi kidogo, ikazima. Akapiga tena, ikazima. Akapiga resi ya hasira. Ikapiga mayowe, harufu ya klachi ikatupanda puani, gurudumu la mbele likanyanyuka, na mimi nikabaki nimeketi kwenye kokoto nikilikumbatia gunia. Soko zima lilicheka. Hata mimi nilicheka, nilipohakikisha kiuno kipo.

"Nguvu inazo," Dính alimwambia mumewe kwa upole, akinikung'uta vumbi. "Nyingi kuliko hii. Lakini zote ziko juu huko kwenye resi. Mpaka uzifikie, umeshaanguka. Nyeusi nguvu zake ziko hapa chini, pale ninapoanza."

Pó alitazama kokoto. "Basi nyeusi," alisema. Dính alimwambia Chứ aifungie sproketi kubwa zaidi nyuma, mbio ipungue, mvuto uongezeke. Chứ aliifunga bila mzaha mwingine. Nilimtazama mkwe wangu akikaza boliti ya mwisho mwenyewe, nikajisikia fahari hadi nikaona haya.

Simu kutoka Há Pia ilikuja asubuhi ya ukungu, kahawa ya Pó ikiwa bado moto. Dính alifunga mkoba kwenye keria, akapiga kiki mara moja, akapotea juu. Nilijaribu kukaa nyumbani. Nilishindwa. Nilipanda kwa miguu hadi kileleni, nikasimama kwenye jiwe nikitazama upande wa pili, ambako sikuona ila ukungu.

Muda ulipita. Halafu niliisikia injini ikipanda kutoka kijitoni, nzito, ya mzigo. Nikajua mambo yameharibika, maana Dính asingemtoa Mỷ nyumbani kwake kama mtoto amekaa vizuri. Alikuwa anamleta zahanati, iliyo huku upande wetu, mjini chini.

Walitokeza kwenye kona mbaya kuliko zote, ile ambayo mbuzi huizunguka. Mỷ alikuwa amemlalia Dính mgongoni. Nikamwona akimpiga bega kwa kiganja, na pikipiki ikasimama. Uchungu ulikuwa umembana. Mimi juu ya jiwe nilipiga kelele ambazo sizijui, nikaita mizimu ya ukoo wetu na ya ukoo wao, kila anayesikia asaidie. Injini iliendelea kunguruma taratibu, haikuzima. Mỷ akainua kichwa. Na ile nyeusi ikajikusanya, ikakita miguu yake, ikavuta.

Walinipita karibu nusura wanikanyage. Uso wa Mỷ ulikuwa mweupe pe. "Mama, toka njiani!" alifoka Dính, na hayo ndiyo maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kuambiwa na mkwe.

Jioni Pó alipokea simu. Ni msichana, yuko hai, analia kama anayemdai mtu.

Siku waliyoruhusiwa kurudi nilisimama kwenye ukuta wetu wa mawe na kuku aliyefungwa miguu. Kwetu mwanamke aliyetoka kujifungua haingii nyumba ya watu kabla mwezi haujaisha, hata nyumba ya mama yake, kwa hiyo sikutegemea kitu zaidi ya kuona nguo ya kumbebea mtoto ikipita. Tena mbele ya mlango wangu ni mlima mkali. Hakuna mtu anayesimama hapo.

Dính alipunguza mwendo. Akasimama mbele yangu, katikati kabisa ya mwinuko, mguu umekanyaga breki.

"Mama, angalia haraka, mguu unanitetemeka."

Mỷ akafunua nguo. Kalikuwa kadogo, kekundu, kamekunja ngumi, kamelala fofofo. Nilimfunga kuku kwenye keria, na kwa mazoea ya miaka yote ya kusukuma mizigo mlimani nikaweka kiganja nyuma ya kiti ili nisukume.

"Usisukume, Mama," alisema Dính.

Nikatoa mkono. Pikipiki ikajikusanya, ikaondoka, na mjukuu wangu hata hakuamka.