Ndege Yenye Papier

Ghislain alikuwa akiuza ndege ndogo za matajiri, na ofisi yake pale Etterbeek, Ubelgiji, ilikuwa juu ya duka la miwani. Hakuna ndege iliyowahi kuonekana hapo. Zilionekana karatasi tu, na karatasi zote zilipita mikononi mwa Sidonie, mwanamke wa Likasi aliyejua kitabu cha injini kilipo hata akiwa amefumba macho.

Jumatatu hiyo alimpelekea bosi fomu ya kuongeza kibali chake cha kazi. Kadi yake ya ukaazi, na ya binti yake Chloé, zilikuwa zimebakiza siku kumi na mbili. Miaka yote Ghislain alitia saini bila hata kusoma. Safari hii aliisoma, akamrudishia vilevile.

"Tumalize kwanza affaire ya Papa Kabamba," akasema. "Après, nitasaini."

Affaire yenyewe, yaani biashara hiyo, ilikuwa hivi. Kabamba, mfanyabiashara wa Lubumbashi, alitaka ndege ya viti vinane aiandikishe Ubelgiji na kuikodisha kwa wenye haraka zao. Ndege aliyotafutiwa ilikuwa na umri wake, lakini aliyekuwa akiimiliki aliing'oa mitambo ya zamani ya chumba cha rubani huko Amerika, akaweka vioo vipya vya kompyuta vinavyong'aa, na Amerika wakaviidhinisha. Vioo hivyo ndivyo vilivyopandisha bei. Ulaya ilikuwa bado haijaviidhinisha. Ombi lilikuwa linangoja, na bila idhini hiyo ndege isingeandikishwa hapa. Ingekaa bandani mwaka mzima, pengine miwili. Sidonie alijua vizuri, maana barua ya kuambiwa wasubiri aliipokea yeye.

"Akikuuliza, sema tu iko na papier," Ghislain akamwambia, kwa kile Kiswahili chake cha kuzungumza na bibi yake mzaa mama kule kwetu kwenye simu. "Si uongo. Iko nazo, za Amerika."

Ujanja ulioje! Neno hilo watu wa kwetu mjini humu wanalijua. Mtu akishuka treni Gare du Midi na begi lake, kabla hata ya kuulizwa jina anaulizwa kama ana papier, na hakuna anayeuliza karatasi gani. Maana yake ni moja: unaruhusiwa kukaa na kufanya kazi, au huruhusiwi. Sidonie mwenyewe aliishi miaka minne bila jibu zuri la swali hilo.

Saa saba mchana, akimtangulia bosi, alimkuta Kabamba kwenye mgahawa karibu na Chaussée d'Ixelles. Mzee alikuwa ameshaagiza bukari, yaani ugali, na samaki kwa wawili.

"Maman Sidonie, mutoto ya Likasi! Kula kwanza." Akanawa mikono, akacheka. "Unajua, nilitaka kulipa muzungu mumoja aangalie ile ndeke. Nikasema non, mutoto yetu iko kule ndani, ya nini kupoteza feza? Alors. Iko na papier?"

"Ndiyo" moja tu, na Chloé angemaliza darasa lake kwa amani. Alimchukia Ghislain, na kwa dakika moja akamchukia hata mzee huyu aliyemwamini bila kuombwa.

"Papa," akasema, "iko na ya Amerika. Ya hapa bado. Ukiinunua leo haiwezi kufanya kazi hapa mupaka wakubali, na hakuna muntu anajua ni lini."

Kabamba akaacha kutafuna. Akamshika mkono kwa ule mkono mkavu usioshika chakula.

"Mungu akubariki, mutoto yangu."

"Lakini papa, usiseme ni mimi. Karatasi yangu ya kazi iko mu mikono yake."

"Usiogope, maman."

Ghislain akaingia na mkataba kwapani, meno yote nje. Hajakaa vizuri, Kabamba akasogeza sahani.

"Ghislain, mon fils, Sidonie amenielezea bien. Vile vioo havina autorisation ya hapa. Donc, bei inashuka."

Mzee hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alikuwa mchuuzi aliyepata la kusemea, akalisema. Wakavutana kwa Kifaransa nusu saa nzima, na Sidonie akatazama samaki wake akipoa. Mwishowe theluthi nzima ya bei ikaondoka. Kwa bei hiyo, Kabamba alisema, angengoja hata miaka miwili. Wakatia saini, wakapeana mikono, wakaagiza bia.

"Huyu ni muntu wa kweli," mzee akasema akivaa koti. "Umuchunge."

"Ndiyo, papa," Ghislain akajibu.

Walipobaki wawili, Sidonie alitoa fomu mkobani, akaiweka mezani. Ghislain alikuwa bado ameshika kalamu. Akaifunga kalamu polepole, akaitia mfukoni, fomu akaiacha palepale.

"Sidonie, mi nitafanya aje na muntu anatoa siri ya bureau?" Hata hakupandisha sauti. Akamwita mhudumu, akalipia chakula cha wote watatu.

Barabarani, Papa Kabamba alikuwa anapanda teksi. Alimwona Sidonie kwenye dirisha la mgahawa, akampungia mikono yote miwili kwa furaha, na Sidonie akajikuta naye anampungia.