Sakafu ya Fundi Vigae

Mwanamke alikuwa amesimama sebuleni akikunja nepi, mtoto akilia mgongoni, miguu yake ilipozama kwenye saruji ya sakafu mpaka vifundoni. Alimaliza kukunja kwanza. Kisha akamweleza mama mkwe kwamba tangu ajifungue mwili umekuwa mzito na furaha hana. Mama mkwe akatazama vile vifundo, akasema yeye alizaa sita na hakuzama hata mara moja. Waliosema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi walikuwa wanamjua mama mkwe huyu kwa jina.

Saruji ilipofika magotini, muuguzi wa zahanati alipita, akampima mtoto, akakuta ameongezeka uzito, akawapongeza wote. Mama hakupimwa. Wifi mtu naye akasema heri yake, amepata kisingizio cha kutopika.

Mume alikuwa fundi vigae. Alirudi jioni akamkuta mkewe amezama mpaka kiunoni.

"Namwangalia mtoto naona kama nimeachiwa tu nimshike, mwenyewe aje amchukue," mke akamwambia. "Naogopa. Nivute nitoke."

Fundi akachuchumaa, akampima kwa futi kamba, akasema kazi hiyo haitaki papara. Kesho yake akaleta vigae vyeupe, akavipanga sebule nzima, na pale katikati akavikata kwa mviringo kumzunguka mkewe. Aliacha nafasi ya mabega, maana fundi mzuri huona mbali. Mke akamkumbusha kuvutwa.

"Subiri vikauke."

Vilikauka. Mke akanyoosha mikono.

"Sasa nikikuvuta si vitapasuka?" mume akasema, kwa upole kabisa.

Mtoto akawa analetwa, analazwa sakafuni, ananyonya. Kifua nacho kilipozama, wakanunua chupa, na nyumba nzima ikaona nafuu. Yeye aliwachukia wote. Alimchukia na mtoto kidogo, na hilo ndilo lililomtoa machozi.

Wageni walipokuja kutoa hongera, walivua viatu mlangoni wasichafue. Walimpakata mtoto kwa zamu, wakasema kafanana na baba. Kisha wakainama kuvikagua vigae, wakamsifu fundi kwamba hakuna hata kimoja kilichopinda.

Kichwa cha mama, pale katikati, kikaomba maji ya kunywa. Mama mkwe akamwambia avumilie kidogo, sakafu imepigwa deki sasa hivi.