Figo ya Munyaneza

Kaka yangu mkubwa Munyaneza alishuka kutoka milimani akiwa ameshika kiuno, na ekografi, ile picha ya ndani ya mwili, ikaonyesha jiwe kwenye figo yake ya kulia. Dokta Geneviève alimchorea karatasini: figo laini kama punje ya haragwe, na jiwe limekwama mlangoni, pale unapoanzia mrija wa kuteremsha mkojo hadi kibofuni. Alisema atapitisha tuyau, mpira mwembamba, kutoka chini ili mkojo upate njia. La sivyo figo itakufa.

Munyaneza aliutazama mchoro, akacheka.

"Binti, weye umesha kupasua ngombe?"

"Hapana, baba."

"Inaonekana."

Nyumbani kwangu, hapa Uvira, alinieleza hoja yake. Amechinja ng'ombe tangu ujana, na figo anaijua: ni vinundu vingi vilivyoshikana. Aliwahi kukuta kinundu kimoja kimekauka, na ng'ombe mwenyewe alikuwa mnene.

"Jiwe ikiua kimoja, minye nabaki na vingine. Kesho napanda kwangu."

"Mukubwa, weye si ngombe."

"Na weye Ngoga si dokta. Masomo yako ya jioni ilikuwa ya kuandika barua."

Hapo alinigusa. Katika masomo yale biolojia niliipenda kuliko yote. Mwalimu alitupasulia figo ya mnyama mmoja, akasema ndiyo inayokaribiana zaidi na ya mtu. Shida ilikuwa mnyama mwenyewe. Munyaneza hali nguruwe, wala haketi karibu na anayemla.

Asubuhi nilimwambia twende tukaone kitu, bila kukitaja. Tulipofika kwa Josée, anayeuza nyama ya nguruwe kando ya njia ya Makobola, Munyaneza aligeuka mara moja.

"Ngoga! Unanileta wapi?"

"Kuangalia si kula."

"Kama muzee anaogopa," Josée akasema, "afunge jicho moja."

Munyaneza hakupenda kuambiwa anaogopa. Alibaki.

Figo ikawekwa ubaoni. Nje ilikuwa laini, haina kinundu hata kimoja.

"Sawa ile ya karatasi," akanung'unika.

Josée akaipasua kwa urefu. Ndani vikaonekana vilima vyekundu, vilele vyote vikielekea katikati.

"Vinundu vyako ndivyo hivi," nikamwambia. "Viko ndani, vimefunikwa pamoja."

Nikamweleza nilivyofundishwa: damu huchujwa huku pembeni, na maji yake huingia katika vijirija vyembamba kuliko unywele. Njiani mwili hujirudishia karibu maji yote. Yanayobaki ndiyo mkojo, na vijirija vya kukusanya huuteremsha hadi kwenye vilele hivi.

"Unatokea wapi? Sioni tundu."

Nami sikuliona. Darasani hatukuruhusiwa kugusa.

Akainama, akasahau alipo. Alishika kilele kimoja kwa vidole viwili, vidole vya mtu aliyekama ng'ombe maisha yake yote, akaminya taratibu. Tone dogo likachomoza.

"Ngoga, hii ni chuchu!"

Akaminya kingine, kisha kingine. Nami nikaminya changu. Matone yaliteremka kwenye kibakuli cheupe kilicho katikati ya figo, na kutoka hapo ulianza mrija mmoja tu. Munyaneza akachomeka kijiti cha jani, kikapita. Akakitoa, akaziba mlango wa mrija kwa kidole.

"Chuchu zote zinamwaga mu chombo moja," akasema. "Na chombo iko na mulango moja."

"Na jiwe yako iko wapi?"

Hakuondoa kidole.

"Basi haitaua kinundu kimoja tu."

"Hapana. Mkojo unarudi nyuma, unavikandamiza vyote."

"Figo mumeikama, nani ataikula sasa?" Josée akauliza.

Munyaneza hakumsikia. "Ile tuyau ya yule binti," akaniuliza, "iko nyembamba namna gani?"

"Hata minye sijui. Twende tuulize."

Dokta Geneviève alituonyesha tuyau. Munyaneza aliipitisha kati ya vidole, akaipima kwa jicho, akauliza inajuaje njia ikifika juu, na dokta akamjibu yote.

"Nini imekubadilisha mawazo, baba?"

Nilifungua mdomo. Munyaneza akanikanyaga mguu.

"Tumepasua ngombe," akasema.

"Ya ngombe haifanani sana na yetu. Ungepasua ya nguruwe."

"Nguruwe? Binti, heshima!" Akavua koti, akanipa nilishike, akapanda kitandani. "Anza kazi yako."