Nukta za Daktari Abello

Asubuhi hiyo foleni ya mapokezi ilimwagika hadi barabarani. Mgonjwa anataja namba ya kitambulisho, karani anabonyeza, kisha wanatazamana mpaka wanakaribia kuwa ndugu. Taarifa za zamani za wagonjwa zilikuwa Bogotá kwenye mfumo mmoja, mpya zilikuwa hapa Barranquilla kwenye mfumo mwingine, na kiungo baina ya mifumo hiyo kilikuwa kinajikongoja.

"Ni waya," alisema Daktari Abello, mkuu wa teknolojia wa kliniki, ambaye hajawahi kutibu hata kuku. Mjini hapa ukiwa na ofisi yenye kiyoyozi, wewe ni daktari. "Na waya ni kazi ya Eliécer. Waya usipopona kabla ya chakula cha mchana, aondoke."

Eliécer, fundi wa nyaya, alikuwa na mapacha wachanga nyumbani na mkononi arepa, mkate wa mahindi, iliyomshinda kula. Nubia Altamar, msimamizi wa hifadhidata, alimhurumia hadi akakasirika.

"Dada Nubia, waya nimeupima mpaka nauota. Mzima!"

"Najua. Kula arepa yako, usinililie hapa."

Nubia aliuliza mfumo wa Bogotá peke yake, bila kiungo. Jibu likaja kabla hajashusha kikombe cha kahawa. Wa Barranquilla peke yake, vivyo hivyo. Ndipo akamuulizia mgonjwa mmoja kupitia kiungo, huku akitazama kinachosafiri. Walikuja wagonjwa wote, wazima kwa wafu. Umeagiza samaki mmoja, unaletewa soko zima mlangoni uchague mwenyewe.

Sababu aliikuta ndani ya swali ambalo kompyuta za mapokezi hutuma Bogotá. Nchi hii namba za vitambulisho tunazipamba kwa nukta kila baada ya tarakimu tatu. Bogotá walizihifadhi na nukta zake, huku Barranquilla bila nukta, kwa hiyo mtu alikuwa ametunga amri ya kuzifuta nukta kabla ya kulinganisha. Mfumo wa Bogotá haukuijua amri hiyo, basi ulileta kila mgonjwa huku, nukta zifutwe kwanza, ndipo mmoja atafutwe. Mtunzi alikuwa ameacha jina lake juu, kwa herufi kubwa: ABELLO.

Akamfuata ofisini. "Daktari, waya hauna kosa. Ni lile swali la nukta."

"Lile nililitunga mimi."

"Ndiyo, daktari."

"Basi haliwezi kuwa hilo. Mtu wa waya akizembea, hata swali zuri litachelewa."

Nubia alirudi mezani kwake akiwa amefura. Akaligeuza swali bila kuomba ruhusa: namba ya mgonjwa ivikwe nukta hukuhuku, ndipo itumwe. Bogotá ikarudisha mtu mmoja. Kabla ya mchana foleni ilikuwa imeisha.

Daktari Abello akawakusanya wafanyakazi wote mapokezi.

"Mmeona? Nimemtisha Eliécer kidogo tu, waya umepona! Dawa hii ni kiboko. Haya, ripoti za maabara nazo zinachelewa. Ni za nani?"

"Zangu, daktari," alisema Nubia.

"Basi zisipokimbia kufikia Ijumaa, mama, utafute kazi kwingine."

Watu wakapiga makofi. Eliécer, ambaye Nubia alikuwa amemweleza kila kitu, akapiga kwa nguvu kuliko wote.