Maji Chini ya Mkeka

Waisale alikaza nati zote chini ya sinki, akabadilisha mpira wa bomba, na bado mkeka wa sebuleni ulikuwa umelowa chapachapa.

"Bomba bovu hili!" akafoka. "Aliyelifunga alikuwa kipofu!"

"Si ulilifunga wewe, baba Seru," mkewe Mereoni alisema. Akainua pembe ya mkeka, akachovya kidole kwenye maji yale ya rangi ya tope, akaonja.

"Mume wangu, bomba letu limeanza lini kutoa kava?"

Waisale akaligeukia bakuli lake la mbao la kukorogea kava, kile kinywaji cha mizizi iliyotwangwa, alilorithi kwa babu yake, limekaa palepale mkekani kama mgeni wa heshima. Lilikuwa na ufa.

Akaokota spana.

"Hata hivyo," akasema, "ile nati ya mwisho siiamini."